Mkate wa sigiri na skafu siku ya baridi, Kabale

Swali: Mvua na ukungu tangu asubuhi. Nimekanda unga nusu kilo, hamira kijiko kimoja cha chai, niendelee kufuma skafu likiumuka. Saa nzima donge limelala tu. Hamira imekufa?

Jibu: Pole dada, ni baridi tu. Sogeza bakuli karibu na sigiri, si juu yake, ulifunike. Saa isikudanganye: ngoja donge liwe mara mbili, na ukilibonyeza, shimo lirudi polepole. Kesho tumia maji vuguvugu, mililita 300.

Jibu: Kinachoharibu mkate ni moto. Mkaa mwingi juu ya kifuniko, kidogo chini. Tandaza mchanga mkavu sentimita 2 ndani ya sufuria kubwa, kisha chombo cha mkate. Bila hivyo chini kunaungua na katikati ni uji. Dakika 40 hivi, ugonge chini: ulie kama debe tupu. Na mlango uwe wazi jamani, hewa ya sumu ya mkaa haina harufu.

Jibu: Skafu: sindano za milimita 4, mishono 40. Fuma mshono wa kawaida pande zote mbili, kingo hazitajikunja. Nawa kwanza, donge likikauka kwenye sufu utajuta.