Tupeane uzoefu: pampu ya insulini (kifaa cha kuvaa kinachoingiza insulini mwilini badala ya sindano), nani anayo na vifaa anapata wapi?

Mama Tumaini: Jana kliniki ya kisukari nimeona kijana katoka Uingereza, kapampu kako kiunoni kama kitochi. Mwanangu ana miaka 9, aina ya kwanza, sindano nne kwa siku. Kaniuliza, "Mama, mimi yangu lini?" Nimekosa jibu. Mlio nayo, tuelezeni.

Mswahili wa Leicester: Huku England tangu Aprili 2024 wameanza kugawa pampu inayosomana na sensa ya sukari (kihisi kinachobandikwa mwilini kupima sukari), bure, watoto kwanza. Binti yangu anayo. Ila mrija wa chini ya ngozi tunabadilisha kila siku mbili au tatu, bila hivyo hakuna pampu.

Nyuki Tabora: Hapo kwenye mrija ndipo nilipotaka kufia. Shemeji alinitumia pampu 2022. Miezi minne raha, kisha mirija ikaisha, nikaanza kukaa na mmoja siku sita. Usiku ukaziba. Pampu inatumia insulini ya haraka tu, mwilini haibaki ya akiba, saa chache ketoni (asidi zinazojaa damuni insulini ikikosekana) zimepanda. Saa nane natapika, pumzi inanuka kama embe lililovunda. Mume wangu kanipakia bodaboda, kanga imetufunga mimi na yeye nisidondoke. Hospitali nesi anauliza hiki kidude nini, huku anatundika dripu ya glukosi! Mume akapiga kelele, "Ana sukari huyo!" Nimezinduka kesho yake jioni.

Kaka Sukari: Pole sana dada. Ya glukosi yalinikuta na mimi.

Mpare Halisi: Msiwatishe watu. Kosa ni siku sita, si pampu.

Nyuki Tabora: Nitajie duka la mirija hapa Tabora, niende sasa hivi.

Mpare Halisi: Agiza Nairobi.

Nyuki Tabora: Kila mwezi? Kwa hela ya nani?

Bi Mwanaidi: Acheni kugombana, mama kauliza. Mwanangu, anza na stripu za kupimia sukari. Asiyepima mara kwa mara pampu haimsaidii. Huna friji, weka chupa ya insulini kwenye mtungi uliozungushiwa mchanga wenye maji, kivulini.

Kaka Sukari: Mtungi tena? Nunua friji ndogo.

Bi Mwanaidi: Umeme ukikatika siku mbili, utanikumbuka.

Mama Tumaini: Dada Nyuki, nimemsomea mwanangu yako yote. Kanyamaza, kisha kaomba sindano ya usiku achome mwenyewe. Kachoma pajani, mkono unatetemeka, kaweza. Stripu za bei nafuu hapa Dar nazipata wapi?