Mashine ya nyasi ya kukalia inachemsha na kutoa moshi: usafi, gasketi au ringi?

BustaniDom: Wakuu, ni injini ya petroli, silinda moja, vali juu, inapozwa kwa hewa. Inakata viwanja vya shule huku Ihumwa. Nusu saa tu inachemsha, nguvu inashuka, moshi wa bluu eksozi. Fundi mmoja anasema ringi za pistoni, mwingine gasketi ya hedi (kizibo kati ya silinda na kichwa cha injini). Tuanze na kipi?

Fundi_Nzuguni: Bado hujafika huko. Toa kava lote la feni mpaka uone mapezi ya silinda. Nyasi kavu na vumbi letu vikishikana na oili inayovuja vinaganda kama udongo wa kichuguu. Hewa haipiti, silinda inapata joto upande mmoja na kupoteza uduara, ringi hazishiki vizuri, oili inapanda. Kwangua kwa kijiti cha mbao, malizia na kompresa. Maji kwenye injini ya moto, hapana.

SpeaKizota: Na pima oili mashine ikiwa tambarare. Ikipita alama nayo hutoa moshi. Ikipita na inanuka petroli, sindano ya kabureta haifungi: badili sindano, mwaga oili yote, na ufunge koki ya tenki kila ukiegesha. Kwa joto la Dodoma weka oili ya SAE 30. 10W-30 huliwa haraka.

BustaniDom: Oili iko kwenye alama, hainuki. Mapezi yalikuwa yameziba kweli. Sasa haichemshi, ila moshi upo.

Fundi_Nzuguni: Hapo sasa. Geji ya kompresheni itakudanganya, maana nyingi ya injini hizi zina kipunguza kompresheni kwenye kamshafti, kinachoachia presha kidogo wakati wa kuwasha. Weka pistoni juu kabisa, vali zote zimefunga, zuia flaiwili (gurudumu zito la injini) lisizunguke, ingiza hewa tundu la plagi, usikilize. Ikivuma kabureta au eksozi, ni vali. Ikivuma tundu la kijiti cha oili, ni gasketi au ringi, na ndiyo maana mafundi wako wanabishana. Gasketi hupasuka kati ya silinda na njia ya fimbo za vali, presha inajaa kwenye kasha la oili na kuisukumia kabureta kupitia bomba la kupumulia. Moshi wake na wa ringi huwezi kuutofautisha kwa macho.

SpeaKizota: Kwa hela, anza na gasketi. Hedi lazima ifunguke hata ukienda kwenye ringi. Ukikuta njia ya masizi upande wa fimbo, umempata mwizi. Pima hedi kama imepinda, kaza boliti kwa msalaba hatua tatu kwa nguvu iliyo kwenye kitabu cha injini, kisha seti nafasi za vali upya. Ukucha ukinasa kwenye mchubuko wa silinda, ringi mpya ni kutupa pesa. Ulizia bei ya kuchonga silinda pamoja na pistoni ya oversaizi (kubwa kidogo kuliko ya awali), ulinganishe na injini nzima.

Zuzu_Mekanika: Kabla ya hedi, chomoa vali ya bomba la kupumulia. Ikikwama inaleta moshi uleule, na ni boliti mbili tatu tu.