Natoka udalali wa nyumba za kupanga, nataka kuingia ofisi na maghala Dar. Nianzie kwa nani?

Mleta uzi: Habari wakuu. Nafanya udalali wa nyumba za kuishi Sinza na Kijitonyama, sasa nataka kuhamia ofisi na maghala. Magrupu ya WhatsApp niliyomo yamejaa picha za fremu (vyumba vya biashara) zilizokwisha kupangishwa. Nikipeleka mteja kwa dalali mwingine, narukwa: wanamalizana bila mimi. Watu wa kazi hii wanajuanaje, na najilinda vipi? Nawasilisha.

Tofali: Mkuu, kwenye ofisi mwenye taarifa ni msimamizi wa jengo. Yeye ndiye anayepokea barua ya mpangaji anayehama, miezi kadhaa kabla. Chagua majengo kumi tu, tuseme kuanzia Posta hadi Upanga, uyajue vizuri. Usiende kuuliza "mna nafasi?", swali hilo analisikia kila siku. Nenda na mahitaji ya mteja kwenye karatasi moja: mita za mraba ngapi, anahamia lini, maegesho ya magari mangapi, bajeti kwa mita. Mteja akipata kwingine, mrudishie msimamizi jibu siku hiyo hiyo. Wengi hupotea kimya, na namba zao hazipokelewi tena.

Maghala yana watu wengine kabisa. Kaa karibu na mawakala wa forodha na wenye malori, hao ndio wanaojua mzigo wa nani umekosa pa kuwekwa. Ukiambiwa kuna ghala Chang'ombe au Barabara ya Nyerere, uliza kwanza urefu kutoka sakafu hadi kwenye kenchi (fremu inayobeba paa), kama semitrela inageuka uwanjani, na kama umeme ni wa fezi tatu. Picha hazikuonyeshi hayo, na ndiyo yanayomfanya mteja akatae akiwa ameshafika.

Mama Mikataba: Kuhusu kurukwa: makubaliano yafanyike kabla ya kwenda kuona, si getini. Mwandikie mwenzako ujumbe: "Mteja wangu ni kampuni fulani, tunaona ghorofa ya 4 kesho saa nne, udalali tunagawana nusu kwa nusu, na akirudi ndani ya siku 90 bado ni wa kwangu." Asubiriwe ajibu "nakubali". Akikwepa kujibu, usitaje jina la mteja. Kisha ujumbe huo huo umfikie mwenye jengo au msimamizi wake, kwa sababu hela ya udalali mara nyingi inatoka huko.

Tofali: Nyongeza. Heshima katika kazi hii inajengwa na hesabu. Ofisi ya mita 200 kwa shilingi 25,000 kwa mita ni milioni 5 kwa mwezi. Lakini kama 15% ya mita hizo ni korido, lifti na vyoo vya pamoja, mteja anakaa kwenye mita 170, na bei yake halisi inafika kama 29,400. Uliza hilo mapema. Uliza pia kama bei ina VAT ya 18% ndani, na savisi chaji (ada ya huduma za jengo) inabeba nini: dizeli ya jenereta imo au la? Mkumbushe mpangaji kwamba kodi ya zuio, yaani 10% ya pango, anaikata yeye na kuipeleka TRA, la sivyo mwezi wa kwanza tu atagombana na mwenye jengo. Na tangu Machi 2025 bei inatajwa kwa shilingi, si kwa fedha za kigeni.

Mleta uzi: Asante sana wakuu. Na fremu za Kariakoo?

Mama Mikataba: Huko kuna kilemba, yaani fedha anayopewa mpangaji anayeondoka, ukiacha pango lenyewe. Mteja wako asitoe hata senti kabla mwenye nyumba hajaridhia kwa maandishi na kumpa mkataba kwa jina lake. Vinginevyo amenunua nafasi kwa mtu asiye na haki ya kuiuza, na mwenye nyumba anaweza kumtoa.

Pia watafute wathamini. Chama chao, TIVEA, kinajumuisha na mawakala wa majengo. Mthamini anayefanya kazi za benki huingia kwenye majengo mengi kuliko madalali wengi.