SDK, kujenga OpenWrt nzima, au Go: ipi inafaa kwa ruta 38 za vocha?

kijana_wa_mbagala
Wakuu, habari za jioni. Nauza Wi-Fi kwa vocha, nina ruta 38 zimetawanyika mitaani. 22 ni TL-WR841N v13 (flashi MB 8, RAM MB 64), 11 ni Xiaomi 4A Gigabit, na 5 ni Archer C7 v5. Zote zina OpenWrt 23.05, mfumo huria wa ruta.

Nataka kuzipakia vitu viwili. Cha kwanza ni openNDS, ule ukurasa wa kuingilia, lakini nimebadilisha mistari kama 40 ya C kwenye hesabu ya muda wa mteja. Cha pili ni programu ndogo aliyoiandika binamu yangu kwa lugha ya Go, inauliza seva kila dakika vocha ipi imelipiwa.

Njia ninazozijua:
A. SDK ya OpenWrt (vifaa vyake vya kujengea vifurushi)
B. Kuvuta msimbo wote wa OpenWrt na kujenga mwenyewe
C. Kukompaili Go (kugeuza msimbo kuwa programu) kwenye laptopu na kurusha faili kwa scp, yaani kupitia mtandao
D. Kuweka gcc, kompaila ya C, ndani ya ruta, nikompaili hukohuko

Bando langu si la kuchezea. Nawasilisha.

fundi_kisauni
D isahau, ndugu yangu. MB 8 ndiyo nyumba nzima: kerneli, mfumo na mipangilio yako vyote vinalala humo. Gcc haipiti hata mlangoni.

bibi_makefile
Mdogo wangu, kwa openNDS chukua SDK, usisumbuke na mengine. SDK ni kompaila na maktaba zilezile zilizojenga fimuwea iliyomo kwenye ruta yako, zimefungashwa tayari. Ndiyo maana kinachotoka humo kinaingia bila ugomvi. Kwa maktaba ya msingi ya C, OpenWrt inatumia musl, Ubuntu yako inatumia glibc. Anayechukua kompaila ya MIPS (aina ya prosesa ya ruta hizi) kwa apt anaishia na faili ambalo `ls` inalionyesha wazi, ukiliendesha unaambiwa `not found`. Nilipoteza Jumamosi nzima kwa hilo zamani. Kisichopatikana si faili lako, ni kipakiaji cha glibc ambacho ruta haina.

Bando: usiandike `./scripts/feeds update -a` kama wiki zinavyofundisha, itakuletea hadi LuCI, kurasa za kusimamia ruta, na mambo ya simu za SIP. Andika:

`./scripts/feeds update base packages routing`
`./scripts/feeds install opennds`

openNDS inakaa kwenye feed (hazina ya msimbo) ya routing, na libmicrohttpd, maktaba ambayo openNDS inaitegemea, inatoka packages. Badiliko lako usiliandike ndani ya msimbo uliofunguliwa, litafutika ukisafisha. Tengeneza folda `patches` pembeni ya Makefile kwenye `feeds/routing/opennds`, weka diff yako (faili la mistari uliyobadilisha) humo, iite `100-muda.patch`. Halafu ongeza PKG_RELEASE, nambari ya toleo ndani ya Makefile, kwa moja. Usipoiongeza, kifurushi chako na kile rasmi vina jina moja na toleo moja, na siku ukisakinisha upya kutoka kwenye hazina rasmi utarudishiwa cha kwao bila kuambiwa.

Mwisho `make defconfig`, kisha `make package/opennds/compile V=s`. Hiyo V=s usiiache, bila hiyo kosa linafichwa na unabaki unakodolea macho mstari mmoja mwekundu.

Na usiendeshe ukiwa root, wala usiweke folda kwenye diski ya Windows kupitia WSL. Mfumo wa faili lazima utofautishe herufi kubwa na ndogo.

go_mwanza
Kwa openNDS sina neno, ni C. Lakini kwa hiyo ya binamu, SDK ya nini? Go yenyewe ni kompaila ya kila kifaa:

`CGO_ENABLED=0 GOOS=linux GOARCH=mipsle GOMIPS=softfloat go build -ldflags "-s -w"`

Basi. Faili moja limebeba kila kitu ndani, halijali musl wala glibc. Usisahau softfloat, maana prosesa hizi hazina kitengo cha desimali. Ukiiacha, utategemea kerneli iigize kazi hiyo, na kerneli za OpenWrt kwa kawaida haziigizi. Utaona `Illegal instruction`.

kijana_wa_mbagala
Nashukuru wakuu. Nimejaribu ya go_mwanza usiku huuhuu. Kwenye Xiaomi imekubali mara ya kwanza! Kwenye Archer C7 faili lilelile linanijibu hivi:

`line 1: syntax error: unexpected "("`

Sasa hii si skripti, mabano yametoka wapi?

fundi_kisauni
Haha, hiyo imewazeesha wengi. Ruta imeshindwa kulitambua faili kama programu yake, ash, shell ya ruta, ikadhani ni skripti ikaanza kusoma baiti ghafi. Mabano ni takataka iliyokutana nayo njiani.

Sababu ni mpangilio wa baiti. Xiaomi na ile 841N v13 zina chipu za MediaTek, baiti ndogo inatangulia, OpenWrt inaziita `mipsel_24kc`. Archer C7 ina chipu ya Qualcomm Atheros, baiti kubwa inatangulia, hiyo ni `mips_24kc`. Zote ni MIPS lakini moja inasoma kushoto, nyingine kulia. Kwa Archer weka `GOARCH=mips`, hayo mengine yabaki.

Habari njema: kifurushi kimoja cha openNDS cha mipsel_24kc kitaingia kwenye ruta zako 33, ingawa chipu ni MT7628 na MT7621. Utakompaili mara mbili tu, si mara tatu. Ukiwa na shaka, `opkg print-architecture` kwenye ruta itakuambia (opkg ndiyo kisakinishi cha vifurushi).

msoma_dmesg
Mmemjibu namna ya kukompaili, hakuna aliyeuliza faili litakaa wapi. Kijana, hilo faili la Go lina ukubwa gani?

kijana_wa_mbagala
MB 5.1 baada ya hizo -s -w.

msoma_dmesg
Ndiyo nilichoogopa. Kwenye 841N ya MB 8 halikai, na hapo ndipo zilipo ruta zako nyingi. Mtu atakuambia libane kwa UPX. Litapungua kwenye flashi, lakini likianza linajifungua lote kwenye RAM, na una MB 64 zinazogombaniwa na Wi-Fi, openNDS na wateja.

Ushauri wangu utamuudhi binamu: ifute. Programu inayouliza seva kila dakika na kusoma jibu la JSON haihitaji Go. OpenWrt inakuja na `uclient-fetch` na `jsonfilter` tayari. Mistari 30 ya shell, ukaiendesha kwa cron, ratiba ya mfumo, imekwisha. Haina cha kukompaili, na inafanya kazi kwenye aina zote tatu za ruta bila kujali baiti ipi inatangulia.

go_mwanza
Mkuu, shell na malipo ya watu? Mtandao ukikatika katikati ya jibu utafanyaje? Go ina timeout, ina makosa yanayoeleweka.

msoma_dmesg
`uclient-fetch` nayo ina `--timeout`. Jibu likija nusu, jsonfilter inatoa tupu, unaruka hadi dakika ijayo. Kwenye Xiaomi na Archer mwache na Go yake akipenda. Kwenye MB 8 hubishani na mimi, unabishana na flashi.

Jambo la pili, na hili kwa ruta 38 naliona kubwa kuliko SDK: usisakinishe kwa opkg ruta moja moja. Tumia Image Builder, chombo cha OpenWrt kinachounganisha vifurushi kuwa fimuwea nzima. Kifurushi ulichotoa kwenye SDK unakitupa kwenye folda yake ya `packages`, kisha:

`make image PROFILE=tplink_tl-wr841n-v13 PACKAGES="opennds" FILES=files`

Kinachoingia humo kinabanwa ndani ya squashfs, mfumo wa faili uliobanwa, kinakula nafasi ndogo kuliko kikisakinishwa juu yake baadaye. Na ukisakinisha toleo jipya la kitu kilichomo tayari kwenye fimuwea, la zamani haliondoki, linafunikwa tu. Unalipia nafasi mara mbili. Skripti za mipangilio ya kwanza weka `files/etc/uci-defaults`, zinaendeshwa mara moja ruta inapowaka kisha zinajifuta. Jaribu kwanza kwenye ruta iliyo mezani. Mimi niliwahi kuanza na iliyo juu ya mnara wa msikiti, nikapanda ngazi siku ya mvua.

babu_wa_kerneli
Naona B imesahaulika. Mimi najenga yote mwenyewe, lakini nabadilisha kerneli, ninyi hamuibadilishi. Tenga GB 10 hadi 15 za diski, na mara ya kwanza uache laptopu ikinguruma masaa. Tena fahamu: moduli za kerneli zimefungwa kwa alama ya kerneli iliyozijenga. Ukijenga kerneli yako, moduli (kmod) za hazina rasmi zitaikataa, utazijenga zote wewe. Kwa mistari 40 ya openNDS ni kuchinja ng'ombe kwa hamu ya supu.

bibi_makefile
Babu kasema. Niongeze moja kwa anayepanga kuhama 23.05: matoleo ya majaribio yaliacha opkg tangu Novemba 2024 yakahamia apk, ileile ya Alpine. Makefile zinabaki vilevile, ila apk ni kali kwa nambari za toleo. Ukiwa na mazoea ya kuandika `10.2-yangu` kwenye PKG_VERSION, itakataa kujenga. Weka tarakimu tupu.

kijana_wa_mbagala
Mrejesho. Nimekwenda na A pamoja na Image Builder. 841N mbili za mezani zimeshika, skripti ya shell inavuta vocha vizuri. Binamu amenuna, nimemwachia Xiaomi zote 11. Archer tano naziacha hadi Jumapili kwa sababu mojawapo iko juu ya paa la mpangaji na funguo za geti anazo yeye.

Swali dogo kwa bibi_makefile: patch imekubali lakini imeandika `Hunk #2 succeeded with fuzz 1`. Niogope?

bibi_makefile
Maana yake mistari jirani haikulingana kamili. Fungua faili kwenye `build_dir` uone kipande cha pili kimeangukia wapi. Kwenye hesabu ya muda wa mteja aliyelipa, mstari mmoja ukihama utagawa intaneti bure mpaka alfajiri.