Nashonesha tai kwa vipimo vyangu: urefu, upana na kitambaa cha kati nivipangeje?

Kimo191

Wakuu, salaam. Nataka kushonesha tai mbili, na fomu ya fundi ina maswali mengi kuliko nilivyotegemea: urefu, upana wa nchani, upana wa shingoni, mikunjo mitatu au sita au saba, bitana au bila bitana, kitambaa cha kati (kile kinachojaza tai kwa ndani) chepesi au kizito.

Vipimo vyangu: kimo sentimita 191, kola ya shati 43, ukosi wa koti sentimita 9.5 pale unapopanuka zaidi. Fundo langu ni nusu Windsor. Tai za kawaida za sentimita 147 hazinitoshi: ncha ya mbele ikigusa bizimu la mkanda, mkia wa nyuma haufiki hata kwenye kitanzi chake, kile cha kuushikilia nyuma ya upande mpana.

Tai ya kwanza ni hariri nyembamba ya kuchapwa, buluu iliyokoza yenye vidoa vyeupe. Ya pili ni grenadini, hariri ya kufumwa yenye matundu madogo, ya rangi moja. Nijaze nini, na kwa nini?

---

FundiMshazari

Mkuu, anza na urefu, ila usimwandikie fundi namba moja tu. Ukisema "nataka 160", hujamwambia zile sentimita za ziada aziweke wapi, na tai nyingi za kushonesha huharibikia hapo.

Vaa shati la kola unayoitumia siku zote, funga tai uliyonayo kwa fundo lako lilelile, kisha weka alama mbili kwenye upande mpana: moja pale tai inapotoka chini ya fundo, nyingine pale inapotoka shingoni na kuingia kwenye fundo. Ukitumia pini iwe nyembamba, uichome kwa nyuma, maana hariri ya satini haisahau tundu. Fungua tai, ilaze mezani, upime kati ya alama hizo mbili. Huo ndio urefu unaoliwa na fundo.

Sasa jumlisha vipande vinne. Cha kwanza ni kutoka chini ya fundo hadi katikati ya bizimu, ukiwa umesimama wima na suruali ikiwa pale unapoivalia kweli. Cha pili ni fundo. Cha tatu ni mzunguko wa shingo juu ya kola, ambao huzidi namba ya kola kwa sentimita 3 hivi. Cha nne ni mkia. Kwa mwili kama wako nategemea namba za karibu na hizi: 49 + 28 + 46 + 40 = 163. Sasa rudi kwenye tai yako ya 147. Ukitoa 123 za mwanzo, mkia unabaki na 24, na kati ya hizo kama 4 zimejificha nyuma ya fundo. Kitanzi kiko takriban sentimita 25 chini ya fundo. Ndiyo maana haufiki.

Fundo lenyewe linabeba sehemu kubwa ya tatizo. Thomas Fink na Yong Mao wa Cambridge, waliochapisha mwaka 1999 hesabu ya njia 85 za kufunga tai, walizipanga kwa idadi ya hatua: four-in-hand, lile fundo rahisi la kawaida, ina 4, nusu Windsor 6, Windsor kamili 8. Kila hatua inakula kitambaa. Kwa four-in-hand ungeokoa kama sentimita 8, na 155 ingekutosha. Kwa hiyo amua fundo kwanza, kisha ndipo uandike urefu.

Halafu kuna jambo ambalo fomu nyingi haziulizi: upana wa tai pale fundo linapokaa. Kwako fundo litaangukia kati ya sentimita 49 na 77 kutoka nchani. Fundi akirefusha kipande cha shingoni peke yake, fundo lako litaangukia mahali palipokwisha kuwa pembamba, na utapata fundo dogo kama la mtoto chini ya kidevu cha mtu mrefu. Akirefusha upande mpana bila kubadili mteremko wa kingo, ncha inapanuka kupita ulichoagiza. Mwambie apange mteremko upya: kama sentimita 5 ikifika 49 kutoka nchani, ikiendelea kupungua hadi 3.6 hivi kwenye 77, na shingoni ibaki 3.2 hadi 3.5. Tai pana shingoni hutuna chini ya kola na kuinyanyua.

---

SufuNaHariri

Nakubaliana na FundiMshazari, naongezea upana wa nchani. Kwa ukosi wa 9.5 chagua 8.5 au 9. Tofauti ya hadi sentimita 1 na ukosi haionekani. Ikizidi hapo jicho linashtuka, hasa tai ikiwa ndiyo nyembamba. Tai ya 6 kwenye ukosi wa 9.5 inakuwa kama utepe.

Hakikisha mnapima mahali pamoja. Upana hupimwa kwenye zile pembe mbili za kando, si kwa kukadiria katikati ya tai. Ncha iliyokatwa sawasawa ina pembe ya nyuzi 90, hivyo kwa tai ya 8.5 zile pembe za kando ziko sentimita 4.25 juu ya ncha kali ya chini.

Kitambaa cha kati ndicho roho ya tai, na sheria yake iko kinyume na wengi wanavyodhani: nje ikiwa nyepesi, ndani iwe nzito, na nje ikiwa nzito, ndani iwe nyepesi. Hariri yako ya kuchapwa haina mwili wa kushika fundo, kwa hiyo ipe sufu nene kiasi, au sufu iliyochanganywa na pamba. Grenadini ina unene wake tayari, ipe sufu nyembamba. Ukiweka ile nene humo, nusu Windsor itakuwa ngumi na kibonyeo chini ya fundo hakitakaa.

Epuka kitambaa cha kati cha poliesta. Sufu ikikunjwa inarudi; tundika tai usiku, asubuhi mikunjo mingi imeondoka. Poliesta huilaza alama ya fundo palepale, na baada ya miezi michache tai inakuwa na shingo ya kudumu.

Kingine cha kuuliza ni kama kitambaa cha kati kinakatwa mshazari kama kile cha nje. Tai inanyumbulika na kurudi kwa sababu imekatwa nyuzi 45 kutoka kwenye mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa. Ndani kukikatwa wima ili kuokoa kitambaa, vitu viwili vinavutana kila unapofunga, na tai huanza kujiviringa kama kamba.

---

Kimo191

Asanteni sana. Nimepima upya: chini ya fundo 48, fundo 28, shingo 46, mkia nataka 40. Jumla 162. Nabaki na nusu Windsor.

Sasa mikunjo. Ile ya vidoa nilifikiria niifanye mikunjo saba bila bitana, na grenadini mikunjo mitatu. Ni sahihi?

---

PindoLaMkono

Hapana mkuu, hiyo ya vidoa ifikirie tena. Mikunjo saba maana yake hariri yenyewe inakunjwa kuelekea ndani mara saba mpaka inajijaza, ikila karibu mara mbili ya kitambaa cha tai ya kawaida. Ikiwa halisi, bila kitambaa cha kati, uzito wote unatoka kwenye hariri. Kwa hariri nyembamba ya kuchapwa, nchani patajaa vizuri, lakini mikunjo hupungua kadiri tai inavyokuwa nyembamba, na pale kwenye 48 hadi 76 patakuwa laini mno. Nusu Windsor itafunguka polepole mchana kutwa. Inakubali four-in-hand, kwako haitashika. Ukiipenda kweli, iwe ya hariri nzito, na umwombe fundi aweke kamba nyembamba ya sufu katikati.

Kwa mtu anayefunga fundo la hatua sita, mikunjo mitatu yenye kitambaa cha kati kizuri ni bora. Sisemi hivi kwa sababu ya gharama. Mikunjo mitatu inampa fundi uhuru wa kupanga uzito wa fundo, mikunjo saba inamnyima.

Kuhusu bitana: ile ya vidoa inaweza kwenda bila bitana, nchani kukiwa na pindo lililoviringwa kwa mkono. Hariri nyembamba inaviringika vizuri, pindo likawa jembamba na la duara. Ila uliza rangi ya kitambaa cha kati, kwa sababu bila bitana kitaonekana tai ikipeperuka, na sufu nyeupe nyuma ya buluu iliyokoza haipendezi. Grenadini iwekee bitana. Ule ni ufumaji wa matundu, nyuzi za mtande zinapishana na kushikana. Ukingo wake ukikatwa unatoa nyuzi upesi, na pindo la kuviringa linakuwa nene kama mkeka. Halafu, kwa sababu ya matundu hayo, kitambaa cha kati cha rangi nyeupe kinaweza kuchungulia hata kwa mbele, hasa kwenye ile grenadini ya tundu kubwa inayofumwa Como, Italia. Agiza cha rangi ya giza kwenye tai zote mbili.

Vidoa navyo vina lake. Muulize fundi kama mchoro umechapwa wima au umeshazungushwa kwa ajili ya kukatwa mshazari, kisha mwombe safu moja ya vidoa ipite katikati kabisa na kuishia kwenye ncha kali ya chini. Ikihama hata milimita 3, ncha inaonekana imepinda ingawa imekatwa sawa.

---

Kimo191

Nimeelewa, zote mikunjo mitatu. Swali la mwisho: zikifika nikague nini kabla ya kuzikubali? Na mishono?

---

FundiMshazari

Shika mkia kwa vidole viwili uiache tai ining'inie. Ikizunguka yenyewe, haikukatwa mshazari wa kweli, au ndani na nje havikulingana. Hilo halirekebishiki kwa pasi, irudishe.

Ilaze kifudifudi. Mshono mrefu wa mgongoni uwe wa mkono na uwe mlegevu. Karibu na ncha pana, chini ya bitana, utakuta uzi uliobaki umeachwa kama kitanzi kidogo. Usiukate! Ule ni akiba: ukivuta fundo, uzi unateleza ndani badala ya kukatika, na tai ikipumzika unarudi. Mshono uliokazwa unaonekana kwa mbele, kingo zinafanya mawimbi madogo. Mawimbi ya namna hiyo yakitokea baada ya mvuke wa kwanza, basi ni kitambaa cha kati kimesinyaa, hakikulowekwa kabla ya kukatwa. Kila mwisho wa mshono huo mrefu pawe na kifungio cha uzi mzito kilichoshonwa mara kadhaa, kwa sababu hapo ndipo tai hupasukia.

Kingo ziguse kwa kidole gumba. Ziwe za duara. Zikiwa bapa na kali kama karatasi iliyokunjwa, pasi imekandamizwa moja kwa moja. Mvuke kwa mbali unaweza kuzirudisha kiasi.

Mwisho, tafuta viungo. Tai ya kawaida ina vipande vitatu vya kitambaa cha nje, kwa hiyo viungo viwili. Kwa vipimo vyako vipya kiungo cha kwanza kianze sentimita 80 au zaidi kutoka nchani. Kikiwa 72, kama ilivyo kwenye tai fupi, kitaingia ndani ya fundo na kulitia kinundu upande mmoja. Hili liandike kwenye fomu sasa hivi, kabla kitambaa hakijakatwa.

---

SufuNaHariri

Na kitanzi cha nyuma, mkuu. Kisishonwe kwenye bitana peke yake, ncha zake ziingie ndani ya mshono wa mgongoni. Kiwe sentimita 23 hadi 25 kutoka kwenye ncha kali ya chini, na kipana kuliko mkia kwa nusu sentimita. Mkia wako ukiwa na 4.5, kitanzi cha 5. Kikibana, kila ukivuta mkia unavuta na ncha ya mbele kwenda kando.