YULE JAMAA WA FARASI, MUNGU ANAKUONA!!!

Ndugu zangu, naandika mkono bado unatetemeka. Ndiyo nimetoka mashindano ya chesi, hapa hapa Kampala. Raundi ya kwanza, na mfumo wa Uswisi mnaujua: nusu ya chini tunatupiwa nusu ya juu tuliwe. Nikapangwa na YULE. Jina msiniulize, yule anayebonyeza saa kama anaua mende.

Kunishinda sawa. Ananizidi pointi 400 na ushee, hata hesabu ya Elo, ile ya kukadiria matokeo kwa pointi za wachezaji, inasema michezo kumi nitaambulia mmoja, tena kwa taabu. Lakini FARASI jamani? Askari wake kafika mstari wa mwisho, anabadilishwa kuwa kipande kingine, si uchukue malkia umalize, watu tukale? Akanyoosha mkono mpaka upande WANGU wa meza, akamchukua farasi wake niliyemla. Kitu pekee nilichokula mchezo mzima! Nilikuwa nimemsimamisha kando ya karatasi yangu, namtazama kwa fahari. Akamrudisha ubaoni. Akamgeuza uso ANITAZAME. Halafu akanywa chai.

Farasi wangu!! Mwamuzi naye akajidai anasoma ukuta.

Boda_wa_Busia: Pole mzee. Farasi anaendeleaje?

Karani64: Sheria inaruhusu malkia, ngome, askofu au farasi. Lia ukiwa umesoma.

Mwenye uzi: Sheria naijua ssebo! Nasema alimgeuza ANITAZAME!

Dada_Jinja: Phiona Mutesi, mcheza chesi wetu, katoka mabanda ya Katwe, 2012 akarudi na cheo cha WCM (Woman Candidate Master) kutoka Olimpiadi ya chesi ya Istanbul. Wewe umetoka na kilio cha farasi 😂😂

Boda_wa_Busia: Yule jamaa mwaka jana alinifunga huku anaongea na simu. Anaulizia bei ya matoke.

Mjomba_Tororo: Afadhali nyinyi. Shemeji yangu tukicheza omweso, ule mchezo wa bao, kete 64 karibu zote zinaishia kwake, na anazihesabu kwa sauti wakwe wasikie.

Mwenye uzi: Tuko kwenye farasi hapa!

Karani64: Omweso bado una heshima. Kule stendi kuna mtu wa ludo, dadu yake haijui namba nyingine ila sita.

Dada_Jinja: Huyo huyo! Na anakula rolex, ile chapati ya mayai, juu ya ubao, dadu zote mafuta matupu.

Mjomba_Tororo: Rolex yenyewe siku hizi unalipia mayai mawili, unakuta moja na kitunguu.

Boda_wa_Busia: Wewe umepata kitunguu? Wapi hapo?