Draya (mashine ya kukausha nguo) imefika, haitoi joto, wakala wa mizigo anataka ripoti ya fundi

Mama Brenda (Rau, Moshi)

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu habari za huko. Kama mnavyojua tumerudi moja kwa moja. Kontena limetoka bandarini, TANSAD (hati ya forodha) ipo, BL (hati ya mzigo wa meli) ipo, TIN (namba ya mlipakodi) ipo, vyombo vimefika salama isipokuwa draya. Pipa linazunguka, taa inawaka, lakini nguo zinatoka mbichi na baridi kama zilivyoingia. Nikaenda ofisi ya wakala kudai, maana bima tulilipia. Dada wa dirishani akanipa fomu, na humo kuna sehemu inayotaka "ripoti ya fundi anayetambulika". Nikamuuliza, anayetambulika na nani? Akajibu, "Na sisi." Nikaomba orodha ya mafundi hao, orodha hana.

Naomba aliyewahi kujaza fomu ya namna hii aniambie ripoti aliandikiwa na nani mpaka wakaikubali. Mwisho wa mwezi muda wa kudai unaisha. Na ukungu wa Julai mnaujua, nguo za watoto zinalala kambani na kuamka kambani.

Baba Kelvin (Minneapolis)

Pole sana mama. Tuanze na umeme kwanza, fomu baadaye. Draya ya huku Marekani ina nyaya nne: mbili za moto (zinazoleta umeme), nyutro (ya kuurudisha) na athi (ya usalama). Ukipima kati ya nyaya mbili za moto unapata volti 240, na hizo ndizo zinazolisha hita. Mota, taa na saa yake vinakula volti 120, yaani waya mmoja wa moto na nyutro. Huko nyumbani una laini moja ya volti 230 na nyutro, basi. Fundi akifunga waya mmoja wa moto kwenye laini, kisha ule wa pili pamoja na nyutro ya draya akavipeleka vyote kwenye nyutro ya ukutani, hita itafurahi lakini mota itakuwa imepewa karibu mara mbili ya chakula chake. Unasikia mngurumo, harufu, kimya. Ukitaka kuitumia lazima transfoma ya kushusha kwa ajili ya mota. Halafu kuna suala la Hz, yaani mara ngapi umeme unageuka kwa sekunde. Mota ya Hz 60 kwenye umeme wetu wa Hz 50 inazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita na inapata joto kuliko kawaida. Shemeji yangu kule Kiboriloni alileta moja, sasa anawekea mahindi juu.

Mmachame (Leeds)

Mangi, soma ulichoandikiwa. Pipa linazunguka. Ingekuwa kama unavyosema, ingekuwa imeungua mota ya kuzungusha pipa, si hita. Na nani kakwambia ni ya Marekani?

Mama Brenda

Ahsante Mmachame. Imetoka Leicester, ya bomba la kutolea mvuke nyuma, plagi yake ya pini tatu bapa imeingia ukutani bila adapta. Fundi wa mtaa wa Majengo ameiangalia akasema hita imekufa, anataka hela ya hita mpya. Hakupima kitu, aligusa tu bati kwa kiganja.

Baba Kelvin

Maelezo yangu yatamfaa mwingine. Kuna watu humu wanafungasha draya za Marekani sasa hivi.

Mmachame (Leeds)

Mama Brenda, usilipe bado. Draya ya Uingereza imeundwa kwa volti 230 na Hz 50, sawa na huko, kwa hiyo hapo huna tatizo. Chomoa plagi kabisa, usizime tu swichi. Fungua bati la nyuma. Utaona kasha la hita na vitufe viwili vya thermostati vimepigiliwa pembeni yake, kila kimoja na nyaya mbili. Kimoja kinakata joto na kurudi chenyewe, cha pili ni cha usalama: joto likizidi kinakata na hakirudi. Kwenye mashine nyingine kina kidude kidogo katikati unakibonyeza kinarudi, kwenye nyingine kikishakata ni kununua kipya.

Weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme). Chomoa waya upande mmoja kabla ya kupima, la sivyo mita inasoma njia nyingine na unadanganyika. Thermostati nzima ikiwa baridi inasoma karibu sifuri. Hita ya wati 2,500 inatakiwa kusoma kama omu 21, ya wati 2,000 kama 26. Isiposoma chochote, hapo fundi wako yuko sahihi. Pima pia kati ya hita na bati, isisome kitu, maana hita inayovuja inaweza kupitisha umeme kwenye bati zima.

Ikiwa thermostati ya usalama ndiyo imekata, fundi akisema "tuunge moja kwa moja", mfukuze. Nyuzi za nguo zinashika moto upesi kuliko unavyodhani.

Bibi Sakina (Arusha)

Na umeme wa jioni je? Mbona hamuusemi? Hapa kwetu ikifika saa moja usiku nimewahi kupima volti 180. Mwanangu wa Hamburg akanipigia hesabu: hita ya wati 2,500 ikipewa 180 inabaki kama wati 1,530. Nguo zinazunguka mpaka Luku inakwisha. Siku hizi nakausha saa nane mchana. Ingawa saa nane mchana jua lipo, hata sijui kwa nini niliinunua.

Halafu mimi wakala wangu alitaka kuiandika "mtambo wa kiwandani" chini ya namba ya forodha 8450. Muwe macho.

Baba Kelvin

8450 ni mashine za kufulia, Bibi. Draya ni 8451.21 kama haizidi kilo 10 za nguo kavu.

Bibi Sakina

Ndiyo nilichosema, kwamba alikosea.

Mmachame (Leeds)

Na mtu aliyehama makazi vyombo vyake vya nyumbani alivyokuwa anavitumia vinaingia bila ushuru, alimradi vifike ndani ya siku 90 tangu afike yeye, au aombe aongezewe muda. Mawakala wanajua. Wanasubiri usijue.

Kijana wa Kibosho (Toronto)

Samahanini wakubwa, mnanichekesha. Nusu ya kundi hili tunalipa kodi ya chumba chenye draya chini ya jengo huku tunaota kamba ya nguo nyuma ya migomba, shuka likinuka moshi wa jiko na jua. Nipeni hiyo kamba na mtori, chukueni draya. Na bwawa la umeme la Nyerere kule Rufiji si lina mashine tisa, megawati 2,115? Volti 180 Sakina zinatoka wapi?

Bibi Sakina

Megawati ziko Rufiji, mwanangu. Waya wa mtaa wetu ni ule ule wa tangu nyumba zilipokuwa chache.

Baba Kelvin

Sisi wa ughaibuni tuliomba uraia pacha, serikali ikatupa hadhi maalum. Mnategemea nini?

Msimamizi wa kundi

Siasa peleka kwenye kundi lile jingine. Nimesema mara nyingi.

Mama Brenda

Nimerudi. Kijana wa jirani ana mita, tumefanya kama Mmachame alivyoelekeza. Hita imesoma 22. Thermostati moja karibu sifuri, ya pili haisomi kitu, na ndiyo yenye kidude katikati. Ndani ya kasha kulikuwa na nyuzi za nguo zimegandamana nene kama blanketi, na bomba la nyuma limebonyea. Tumesafisha, tumenyoosha bomba, tumebonyeza kidude, kimelia "tik". Joto linatoka. Fundi wa Majengo nimemwambia aniandikie ripoti, ameiandika nyuma ya risiti ya duka la vipuri. Ofisini wameikataa, wanasema haina muhuri.

Mmachame (Leeds)

Safi. Ila nyuzi hizo hazikujaa baharini, mama. Hata ikiwa na muhuri hawatakulipa.

Mama Brenda

Bomba limebonyezwa na nani, na mimi? Liliondoka Leicester mzima. Narudia swali langu la kwanza: ripoti yenye muhuri, kwa fundi gani, Moshi au hata Arusha?

Kijana wa Kibosho (Toronto)

Kuna mwenye nafasi kwenye kontena la Oktoba? Nina friji na magodoro mawili. Draya sina.